Ravenstein: Mtu Aliyetunga Kanuni za Uhamaji

Mwanafunzi, katika mada ya idadi ya watu jina la Ravenstein halikosekani. Wengi hukariri kanuni zake, huzimwaga kwenye karatasi ya majibu, basi. Wachache wanajua alikuwa nani na alizipata wapi, na hapo ndipo maksi hupotea swali linapobadilika kidogo tu. Soma maisha yake kwanza.

Ernst Georg Ravenstein alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 30 Desemba 1834, katika familia ya wachora ramani. Alijifunza kazi hiyo kwa August Petermann, bingwa wa ramani wa zama hizo. Mwaka 1852, akiwa na miaka 17, alihamia Uingereza. Kwa hiyo mtu huyu unayemkariri alikuwa mhamiaji yeye mwenyewe: aliondoka kijana, akavuka bahari, akafuata jiji kubwa lenye kazi. Kuanzia 1855 alifanya kazi kwa miaka mingi katika idara ya ramani ya wizara ya vita ya Uingereza. Alipenda pia mazoezi ya viungo, na alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha mazoezi cha Wajerumani wa London mwaka 1861. (Hilo halitaulizwa, lakini linakuonyesha mtu.)

Afrika Mashariki ilipita mezani kwake mapema. Mmisionari Krapf, aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, alipochapisha kitabu cha safari zake kwa Kiingereza mwaka 1860, Ravenstein aliandika sehemu ya nyongeza yake. Miaka zaidi ya ishirini baadaye Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitoa ramani yake kubwa ya Afrika Mashariki ya Ikweta, yenye kurasa 25. Aliichora London kwa kulinganisha taarifa za wasafiri na wamisionari. Fikiria taarifa hizo zilipatikanaje. Burton na Speke walipopita Zungomero mwaka 1857, katika nchi ya Wakutu, eneo la Kisaki, njia ile ilikuwa ya wapagazi na wafanyabiashara. Wenyeji waliijua kitambo, wageni waliiandika.

Sasa tuje kwenye kanuni. William Farr, mtakwimu mashuhuri wa Uingereza, alikuwa ametoa maoni kwamba uhamaji wa watu hauonekani kufuata sheria yoyote. Ravenstein hakukubali. Alichukua majedwali ya sensa, yaliyoonyesha kila mtu alizaliwa wapi na alihesabiwa wapi, akaanza kulinganisha. Makala ya kwanza ilitoka 1876. Ile maarufu aliisoma mbele ya wanatakwimu wa London mwaka 1885, akitumia sensa ya 1881. Mwaka 1889 alitoa nyingine iliyoongeza nchi zaidi ya ishirini.

Aliona kwamba wahamaji wengi huenda karibu. Watu wa vijiji vya jirani huingia mjini, na pengo wanaloliacha hujazwa na watu wa mbali zaidi, hatua kwa hatua. Waendao mbali kwa kawaida hukimbilia vituo vikubwa vya biashara na viwanda. Kila mkondo wa kwenda una mkondo wa kurudi. Wa shamba huhama kuliko wa mjini. Wanawake huhama kuliko wanaume katika safari fupi. Njia za usafiri na viwanda vikikua, uhamaji huongezeka. Na juu ya yote, sababu kuu ni hamu ya watu ya kuboresha maisha yao.

Hapa usikariri tu, pima. Chukua Kisaki. Mluguru anayeshuka kutoka milimani, ambako ardhi imebana, kutafuta shamba tambarare anafuata kanuni ya mwendo mfupi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kuweka stesheni Kisaki, ni mfano mzuri wa usafiri kurahisisha safari. Lakini wafugaji wa Kimasai, Kibarbaig na Kisukuma walioingia mkoani Morogoro walitoka mbali, na hawakufuata kiwanda. Walifuata malisho na maji. Sensa za Ravenstein hazikuwa na watu wa namna hiyo.

Mfano mzito zaidi ni wa manamba. Wakati wa ukoloni wanaume kutoka Songea, Njombe, Kigoma na hata Rwanda na Burundi walisafiri mbali kwenda kwenye mashamba ya mkonge, Morogoro yakiwemo. Wengi waliacha wake na watoto nyumbani. Je, walikwenda kuboresha maisha? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa mkoloni. Ukiandika manamba kama mfano wa hamu ya maisha bora bila kutaja kodi, umejibu nusu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande chembamba kuliko vyote katika kazi ya Ravenstein: majedwali yake yalionyesha mtu alikotoka na alikofika, si nani aliyemsukuma. Mwaka 1966 Mmarekani Everett Lee alizifufua kanuni hizi na kuzijenga upya kwa kutaja mambo yanayosukuma, yanayovuta, na vikwazo vya njiani. Ukiulizwa umlinganishe Ravenstein na mwingine, anza na huyo.

Mwaka 1902 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa medali ya dhahabu ya Victoria, akiwa mtu wa kwanza kuipokea. Uzeeni alirudia historia ya safari na ramani, na mwaka 1908 alitoa kitabu kuhusu Martin Behaim, mtengenezaji wa tufe la dunia. Alifariki tarehe 13 Machi 1913 huko Hofheim, Ujerumani, si mbali na Frankfurt alikozaliwa. Mkondo wa kurudi, kama alivyoandika.