DAKTARI FELKIN NA MGANGA WA BUNYORO

Chama cha Kiswahili kimeniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wamechagua marais na washairi. Mimi nimemchagua daktari, na nitawaeleza sababu.

Tulipofikia mada ya uzazi katika somo la Bayolojia, mwalimu alichora ubaoni viungo vya uzazi vya mwanamume na vya mwanamke. Wacha kicheko! Wavulana wa nyuma waliinama chini ya madawati, wasichana wakaficha nyuso zao kwa vitabu. Hata mimi nilicheka, sitawadanganya. Lakini mwalimu aliposema kwamba wakati mwingine mtoto hushindwa kupita mlango wa uzazi, kicheko kiliniisha. Nilikumbuka usiku ule mama alipopelekwa hospitalini kwa matatu ya kukodi, akiwa hawezi hata kusema. Alipasuliwa, na kitindamimba wetu akatoka salama. Lau si kisu kile, leo ningekuwa yatima.

Baada ya kipindi nilimfuata mwalimu nikamuuliza: zamani, kabla ya hospitali, akina mama kama hao walifanyaje? Ndipo aliponitajia jina la Felkin.

Robert William Felkin alizaliwa Uingereza mwaka wa 1853, akasomea udaktari mjini Edinburgh. Mwaka wa 1878 alijiunga na wamishonari wa CMS waliokuwa wakienda Buganda. Kikundi chao hakikupitia pwani yetu. Kilifuata mto Naili, kikapita Khartoum, na mapema mwaka wa 1879 kikafika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kabaka alikuwa mgonjwa, na Felkin alikuwa miongoni mwa waliomtibu. Alikuwa bado kijana, hajatimiza miaka thelathini, na bila shaka alidhani kwamba katika mambo ya tiba yeye ndiye mwalimu.

Mwaka huohuo, mahali paitwapo Kahura katika nchi ya Bunyoro, alishuhudia jambo lililomfanya awe mwanafunzi tena.

Ndani ya nyumba alilazwa mwanamke wa miaka kama ishirini, mimba yake ya kwanza, na mtoto amekataa kutoka. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa, maana dawa ya usingizi haikuwako. Alifungwa kitandani kwa nguo ya magome ya mti, na mtu mmoja akamshika miguu. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ileile, kisha kwa maji. Akapiga kelele moja kali, na watu waliokuwa nje wakaipokea. Kisha akapasua chini ya kitovu, na msaidizi wake akawa anagusa palipovuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kitovu kikakatwa, akapewa msaidizi mwingine. Jamani, huyo si mtu wa kubahatisha!

Hapa ndipo ule mchoro wa ubaoni uliponisaidia. Tulifundishwa kwamba mbegu kutoka korodani za mwanamume hukutana na yai katika mrija wa falopio, kisha mimba husafiri hadi kwenye mji wa mimba na kujishikiza humo. Mji wa mimba ni msuli, na baada ya mtoto kutoka hujikaza; kujikaza huko ndiko kunakozuia mama asivuje damu mpaka afe. Sasa tazameni alichofanya mganga yule. Aliubana mji wa mimba kwa mikono mpaka ukajikaza. Akatoa kondo la nyuma. Pia alipanua mlango wa kizazi kutoka ndani, uchafu upate njia ya kutokea. Hakuwa na ubao wala chaki, lakini kila kiungo alijua kilipo na kazi yake.

Mji wa mimba hakuushona. Alimgeuza mama ili maji yaliyobaki yamwagike, akaufunga mpasuko wa nje kwa misumari saba myembamba ya chuma na uzi wa magome. Akapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa, akafunika kwa jani la ndizi lililopashwa moto, na juu yake akafunga bendeji ya magome ya mti. Mti huo ni wa jamii ya mkuyu, ndugu wa mti uliotupa jina la Mukuyuni.

Felkin hakuondoka. Alibaki akipima joto la mwili na mapigo ya moyo ya mama siku baada ya siku. Siku ya sita misumari yote ilikuwa imetolewa. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto walikuwa wazima. Mkumbuke kwamba miaka hiyo huko Ulaya wengi waliopasuliwa hivyo walikufa. Mwaka wa 1876 daktari Eduardo Porro wa Italia aliona afadhali aukate mji wa mimba na kuutoa ili mama apone.

Felkin alirudi Uingereza pamoja na wajumbe watatu wa Kabaka waliotumwa kwa Malkia Victoria. Mwaka wa 1884 aliwaeleza madaktari wenzake wa Edinburgh aliyoyaona, na habari hiyo ikachapishwa katika jarida lao la tiba. Baadaye alifundisha magonjwa ya nchi za joto mjini humohumo, akafariki New Zealand mwaka wa 1926.

Namsifu Felkin kwa mambo mawili: alitazama bila dharau, na akaandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Asingeandika, leo tungeambiwa eti wazee wetu hawakujua kitu. Lakini nina lawama moja. Jina la mganga hakutuachia, wala la mama yule, wala la mtoto. Mwenye kalamu tunamjua; mwenye kisu hatumjui.

Likizo iliyopita nilimuuliza nyanya ni nani aliyemzalisha alipomzaa mama. Alicheka kwanza, akaona haya kama sisi darasani. Kisha akaniambia jina la mkunga, kijiji alikotoka, na jinsi alivyokuwa akijua kwa mikono tu mtoto amelalaje tumboni. Yote nimeyaandika daftarini mwangu.

Basi wenzangu, mwalimu akichora tena viungo hivyo ubaoni, chekeni kidogo kama ni lazima, kisha mshike kalamu. Na mkifika nyumbani, waulizeni nyanya zenu wangali hai.

Ni mimi mwanachama mwenzenu, Kidato cha Tatu.