Daktari aliyewageuza wagonjwa kila baada ya saa mbili

Msimu wa maembe ukifika hapa Mtwara, hospitalini hutarajiwa watoto walioanguka mitini. Wapo pia wakwezi wa minazi na abiria wa bodaboda. Anayevunjika pingili za shingo au mgongo anaweza kupooza, sawa na mchezaji wa raga anayeumia shingo uwanjani. Wazazi huuliza kama mtoto ataishi. Leo wengi huishi, na wa kushukuriwa mmojawapo ni Daktari Ludwig Guttmann.

Guttmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1899 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1917, akijitolea hospitalini, alimwona mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo. Madaktari walishakata tamaa naye, na baada ya wiki tano akafa kwa maambukizi, si kwa mfupa uliovunjika. Kijana yule hakumsahau.

Alisomea udaktari, akawa bingwa wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1939 aliwakimbia Wanazi pamoja na mke na watoto wawili, akahamia Uingereza. Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa vita waliopooza, katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wakati huo wengi wao walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Guttmann aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mwenyewe alipita usiku kukagua. Kisha akawapa kazi za mikono na michezo.

Julai 29, 1948, siku Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 walishindana kulenga mishale hospitalini hapo. Huo ndio mwanzo wa Paralimpiki. Guttmann alifariki mwaka 1980.

Mzazi, mtoto akianguka na kulalamika shingo au mgongo, au miguu kufa ganzi, usimkalishe wala kumpakia kwenye bodaboda. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, wengine wamwinue kwa pamoja na kumlaza juu ya ubao mpana, kisha apelekwe hospitali.

Na kama nyumbani una mgonjwa aliyepooza, mgeuze kila baada ya saa mbili. Kila siku mkague makalio, kiuno na visigino. Ukiona wekundu au weusi usiopotea, au mkojo wenye harufu kali pamoja na homa, mlete mapema.