Walter Rodney

Walter Anthony Rodney (23 Machi 1942 – 13 Juni 1980) alikuwa mwanahistoria na mwanasiasa wa Guyana, nchi iliyoko Amerika Kusini. Kwa miaka kadhaa alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Maisha na utafiti

Alizaliwa Georgetown, mtoto wa fundi cherehani. Baada ya kusoma Jamaika alikwenda London, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1966 akiwa na miaka 24 tu. Utafiti wake ulihusu pwani ya Afrika Magharibi kuanzia mto Gambia hadi Cape Mount, katika Liberia ya leo.

Wakati huo wanahistoria wengi waliamini kwamba Wazungu waliukuta utumwa Afrika na kuununua tu. Rodney alisoma hati za kale za Wareno akaona kwamba waandishi wa kwanza, walioeleza jamii za pwani hiyo kwa undani, hawakutaja tabaka la watumwa kama lile lililoonekana karne za baadaye. Hivyo alidai kuwa utumwa huo ulikuzwa na biashara ya Atlantiki yenyewe. Hakuwaficha watawala wa Kiafrika walionufaika nayo. Wengine, akiwemo John Fage, walimpinga, na mjadala huo haujaisha.

Mwaka 1968 alizuiwa kurudi Jamaika alikokuwa akifundisha, ghasia zikazuka Kingston. Alirejea Dar es Salaam, na huko mwaka 1972 kikatoka kitabu chake How Europe Underdeveloped Africa, yaani jinsi Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika. Abdulrahman Babu wa Zanzibar aliandika neno la mwisho. Kitabu hicho ndicho kilichomtangaza, ingawa ule utafiti wa kwanza una ushahidi wa kina zaidi.

Kurudi Guyana na kifo

Mwaka 1974 aliahidiwa kazi ya uprofesa nyumbani, lakini serikali ya Forbes Burnham ikaizuia. Alibaki akifanya utafiti na kuongoza upinzani wa chama cha Working People's Alliance. Aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano, akiwa garini pamoja na ndugu yake aliyenusurika. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2016 iliona kuwa dola ilihusika.

Kitabu chake juu ya wafanyakazi wa Guyana wa miaka 1881–1905 kilichapishwa mwaka 1981.