Siti binti Saad: Ufundi wa Sauti na Moyo wa Wimbo

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa zamani ambaye maisha yake yaweza kuwafaa wanafunzi. Nimemchagua Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ndiye ninayeangalia kwaya ya shule, na kila muhula nasikia ubishi ule ule: mwimbaji hodari ni yupi, yule asiyekosea hata sauti moja, au yule anayewagusa watu? Ya pili, bibi huyu si mgeni kwetu watu wa Isaka. Ingawa yeye na wazazi wake walizaliwa Unguja, asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na mama yake asili yake Mzigua.

Siti alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo lilionyesha hali ya wazazi wake, kwani utumwa haukufutwa Unguja mpaka mwaka 1897. Hakupelekwa shule. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akajifunza kazi hiyo, akawa anachukua vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini. Njiani alikuwa akinadi bidhaa yake kwa sauti, na watu wakamjua kwa sauti kabla hawajamwona uso. Wanafunzi wanaosema hawana vyombo vya kufanyia mazoezi na walifikirie jambo hilo.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Wakati huo taarabu ilikuwa muziki wa wakubwa. Ilikuwa imeletwa katika jumba la Sultani Barghash kutoka Misri, ikaimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji wake walikuwa wanaume. Mwaka 1905 palianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, na mmoja wa wanachama wake aliisikia sauti ya Siti, akakubali kumfundisha. Basi akaanza kujifunza njia za sauti za Kiarabu, namna ya kuvuta pumzi, na namna ya kufuatana na udi na fidla. Kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika, kila kitu alikihifadhi moyoni. Baadaye akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Napenda wanafunzi waliangalie jambo hili vizuri. Wako wanaodhani kwamba mwenye kipawa hana haja ya kujifunza. Siti alikuwa na kipawa tangu utotoni, lakini alijifunza kama asiye nacho. Yeye na wenzake, akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, walikuwa wakikutana nyumbani kwake usiku kufanya mazoezi. Ufundi si adui wa muziki. Mwimbaji asiye na pumzi atalikata neno katikati, na msikilizaji hatapata maana.

Lakini ufundi peke yake ungemfikisha Siti wapi? Angekuwa mwimbaji mwingine hodari wa nyimbo za Kiarabu, naye angesifiwa na wajuzi wachache. Yeye alifanya jambo kubwa zaidi: aliichukua taarabu akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya wachukuzi, wavuvi na wauza vyungu. Aliimba mbele ya Sultani na matajiri, akaimba pia mbele ya maskini wa Ng'ambo. Wazee wetu husema mcheza kwao hutuzwa.

Tazama mathalani wimbo wake wa Kijiti. Wimbo huo wasimulia habari za mtu wa jina hilo aliyemwua mwanamke mgeni, kisha akatorokea bara. Waliofungwa ni wanawake wawili waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi, kwa habari ya pombe. Mtu mwenye sauti nzuri aweza kuupamba wimbo wa namna hiyo kwa madoido mengi hata maneno yakapotea ndani yake. Watu watamsifu kwa koo lake, na wale wanawake wawili watasahauliwa. Kazi ya mwimbaji wa kweli ni kuutumia ufundi wake ili habari ifike.

Mwezi wa Machi mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay, Uhindi, kuimba katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Sahani hizo zilienea Unguja na pwani na bara. Nimepata kuzisikiliza baadhi yake. Zinakwaruza kwa uzee, lakini sauti ni ya juu, imara, na haina haraka. Haijionyeshi. Inakwenda pamoja na neno, kama mtu anayezungumza na jirani yake.

Wapo waliomchukia. Zilitungwa hata nyimbo za kumdhihaki kwa sura yake na kwa uduni wa ukoo wake. Naye alijibu kwa wimbo, akionyesha kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili. Alifariki mwezi wa Julai mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kililiita gazeti lake Sauti ya Siti.

Huenda msomaji akauliza: je, basi mwimbaji bora ni yule anayependwa na wengi? La, sivyo. Sisi Wasukuma na Wanyamwezi twazijua ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu, ambazo mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Twajua pia kwamba manju aweza kuwavuta watu kwa vituko na nyoka, wala usikumbuke neno lolote la wimbo wake ufikapo nyumbani. Kipimo changu ni kingine: wimbo ukisha, ni nini kinachobaki kwa msikilizaji? Kama kinachobaki ni sifa ya mwimbaji tu, alionyesha ufundi. Kama kinachobaki ni jambo lililoimbwa, alifanya muziki.

Kwa hiyo nawashauri wanakwaya wetu, na wazazi wanaokuja kuwasikiliza siku ya wazazi: msiridhike na sauti zisizokosea, wala msizidharau. Fanyeni mazoezi mpaka sauti ziwatii. Kisha, kabla ya kuimba, kila mmoja ajiulize anamwambia nani, na anamwambia nini. Muuza vyungu wa Fumba alilijua hilo tangu alipokuwa akipita njiani na mzigo kichwani, kwani asiyeeleweka anauza nini hurudi na vyungu vyake.

Mwalimu wa Kwaya