Jan Zumbach: Rubani wa Vita Tatu



Kwa toleo hili sisi wa mwaka wa mwisho tuliombwa kuandika maisha ya mutu mumoja wa zamani mwenye kujulikana. Wengi walifikiri tutaleta tena Livingstone ao mufalme Msiri. Tumechagua rubani wa Polandi, jina lake Jan Zumbach. Hakuwa mutakatifu, na hatutamupaka sukari. Lakini maisha yake yalipita hapa kwetu Katanga, na yanafundisha jambo moja la vita ambalo wazee wa Likasi waliliona kwa macho yao: kutawanya ndege za vita katika viwanja vya akiba, ili adui asizikute zote pahali pamoja.

Jambo lenyewe si jipya. Mwenye kusoma Mwanzo sura ya 32 anajua namna Yakobo aligawanya watu na mifugo yake makundi mawili juu ya kumuogopa Esau: kundi moja likipigwa, lingine liokoke. Wakubwa wa majeshi ya ndege wanafanya paka vile. Ndege ikiwa hewani ni simba. Ikiwa chini ni kuku mwenye kufungwa miguu.

Zumbach alizaliwa tarehe 14 Aprili 1915 huko Ursynów, karibu na Warsaw. Babu yake alitoka Uswisi, na kwa sheria kijana huyu alihesabiwa raia wa Uswisi. Alipotaka kuingia jeshi la Polandi mwaka 1934, alificha uraia ule. Alianza kama askari wa miguu, kisha akahamia jeshi la ndege, akamaliza masomo ya urubani Dęblin mwaka 1938. Walimutuma katika kikosi cha 111, chenye kulinda Warsaw.

Mwaka 1939 alipata ajali ya ndege, akavunjika muguu. Kwa hiyo vita ilipoanza tarehe 1 Septemba 1939, hakuweza kuruka. Ila kikosi chake kilifanya jambo tunalotaka mulikamate vizuri. Siku chache mbele ya vita, Wapolandi walitoa ndege zao za kupigana katika viwanja vikubwa vya siku zote, wakazipeleka kwenye viwanja vidogo vya majani. Kikosi cha 111 kilikwenda Zielonka, nje kidogo ya Warsaw. Wajeremani walipokuja asubuhi na mabomu, walipiga vile viwanja vikubwa walivyovijua. Waliharibu ndege nyingi za kufundishia na ndege mbovu. Zile za kupigana hazikuwa pale, na siku ileile ziliruka kukutana na adui juu ya Warsaw.

Kumbe basi Polandi ilishindwa juu ya nini? Kuokoa ndege ni nusu ya kazi. Ndege mbali na nyumbani inataka mafuta, risasi, vyuma vya kubadilisha, fundi wa kuitengeneza, na simu ya kuleta habari za adui. Vitu hivi havikufuata ndege vya kutosha, na kila mara walipohama kiwanja, vilipungua tena. Tena ndege zao zilikuwa za zamani, za adui zilikuwa za mbio na nyingi kuzipita. Tarehe 17 Septemba jeshi la Urusi liliingia upande wa mashariki. Marubani waliobaki wakakimbilia Romania. Zumbach naye alipita Romania, akafika Beirut, kisha Ufaransa. Kule alipigana, ndege yake ikaangushwa mwezi wa sita 1940, akatoka muzima, akavuka bahari mpaka Uingereza.

Uingereza njo ilimupa jina. Kuanzia Agosti 1940 alikuwa katika kikosi cha 303 cha Wapolandi, kwenye kiwanja cha Northolt, karibu na London. Waingereza walijua kutawanya, na walijua pia kuhudumia. Hata ndani ya kiwanja kimoja, ndege zilisimama mbalimbali pembeni, na marubani walikaa karibu nazo, tayari kukimbia mara simu inapolia. Kulikuwa tena na viwanja vidogo vya akiba, na juu ya vyote mitambo ya rada ya kuwaonya mapema. Katika mapigano yale ya 1940 Zumbach aliangusha ndege 8 za adui. Mwaka 1942 akawa mukubwa wa kikosi. Kwenye ndege yake alichora bata Donald Duck, yule wa filamu za watoto. Polandi na Uingereza zilimupa nishani.

Vita ilipokwisha, nchi yake ilikuwa mikononi mwa Wakomunisti, na yeye hakurudi kuishi kule. Pasi ya Uswisi aliyoificha kijana ilimufaa sasa. Alianza biashara ya ndege, akabeba mizigo, na magendo pia. Kisha akakaa Paris.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Mwezi wa pili 1961 Katanga ilipata ndege 3 za Fouga Magister kutoka Ufaransa. Tarehe 28 Agosti 1961 askari wa ONU, ni kusema Umoja wa Mataifa, walikamata moja pale Élisabethville, leo Lubumbashi. Lakini moja ilikuwa salama Kolwezi. Ile moja tu, yenye kurushwa na Mubelgiji José Magain, ilitia ONU hofu kubwa, kwani ONU haikuwa na ndege za kupigana. Katikati ya Septemba ilikuja mpaka hapa Likasi, wakati ule Jadotville, kupiga askari wa Ireland waliozungukwa tangu tarehe 13. Tarehe 17 wakajitoa kwa wapiganaji wa Katanga. Usiku ule Dag Hammarskjöld, Katibu Mukuu wa ONU, alikuwa njiani kukutana na Tshombe. Ndege yake ilizunguka njia ndefu juu ya kuikwepa Fouga, ikaanguka karibu na Ndola. Sababu ya kuanguka inabishaniwa mpaka leo. Lakini hapa tunaona nguvu ya ndege moja iliyowekwa katika kiwanja kingine.

ONU ilijifunza upesi. Ilileta ndege za kupigana za Sweden, India na Ethiopia. Mwezi wa 12 mwaka 1961 ndege za India zilipiga kiwanja cha Kolwezi. Katanga ikabaki karibu bila ndege.

Hapo njo Zumbach anaingia. Mwanzo wa 1962, akiwa na miaka 46, Tshombe alimupa kazi ya kujenga upya jeshi la ndege. Alileta marubani wenzake wa Polandi na wageni wengine, wale wazee wetu waliita mamersenere. Zilinunuliwa ndege za Harvard, zenye kutengenezwa kwa kufundishia marubani, zikafungwa bunduki. Katanga ilikuwa na viwanja vidogo vingi vya zamani upande wa magharibi, lakini ndege nyingi zilikaa paka Kolwezi. Mwezi wa 11 mwaka 1962 Sweden ilileta ndege zenye kamera, zikapiga picha viwanja na kuhesabu kila kitu. Tarehe 29 Desemba 1962, mawingu ya mvua yakiwa chini, ndege za Sweden zilitoka Kamina zikashuka juu ya Kolwezi na mizinga yao. Sehemu kubwa ya jeshi lile iliungua chini, bila kuruka. Kilichobaki kilikimbilia Angola. Tarehe 3 Januari 1963 askari wa India wa ONU waliingia mji wetu, na katikati ya mwezi ule Tshombe akakubali kumaliza kujitenga.

Fundisho la Zielonka, rubani alilijua kutoka nyumbani kwake. Lakini fundisho halina kazi kama linabaki kichwani. Kutawanya kunafanywa mbele ya adui kuja na kamera, na mafuta na fundi wafuate. Tena tusidanganyane: kutawanya kunaokoa ndege, lakini hakuokoi watu wa chini. Mutu wa Kikula ao wa Panda hakuwa na kiwanja cha akiba. Bomu la upande huu na la upande ule, yeye alikuwa palepale.

Mwaka 1967 Zumbach alikwenda tena kupigana kwa feza, safari hii Biafra, na ndege moja kuukuu ya B-26. Kisha akaandika kitabu cha maisha yake. Alikufa Ufaransa tarehe 3 Januari 1986, miaka 23 kamili tangu siku ONU ilipoingia hapa. Amezikwa Warsaw.

Tulipokuwa tukiandika, tulibishana sana bwenini. Wamoja walisema ni shujaa, wengine walisema ni mufanyabiashara wa vita. Sisi tunaona ni mutu yuleyule. Mwaka 1940 alipigana juu ya nchi yake iliyochukuliwa. Mwaka 1962 alipigana juu ya mukataba. Mikono ilikuwa ileile, ufundi ni uleule. Karibu sisi pia tutatoka hapa na ufundi wetu, wa mitambo, wa dawa ao wa hesabu, na kutakuwa watu wenye feza mlangoni. Shule inatupa ufundi. Nani tutamutumikia nao, ile ni kazi ya kila mumoja wetu, na ni vizuri kuifikiri sasa, mbele ya mutihani wa mwisho.