Samuel Wanjiru: Kutoka sekondari ya Sendai hadi dhahabu ya Beijing

Na Mwandishi Wetu

MWANARIADHA Samuel Kamau Wanjiru wa Kenya alipofariki dunia Mei 15, 2011, alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Katika umri ambao wakimbiaji wengi wa mbio ndefu ndiyo kwanza huanza kuijaribu marathoni, yeye alikwishatwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki, alikwishavunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mara tatu na alikwishajipatia utajiri mkubwa.

Kwa vijana wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambao kila mwaka hukimbia katika michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, wakiwania kuiwakilisha wilaya, kisha mkoa, maisha ya Wanjiru yana mafunzo mawili. La kwanza ni jinsi kiwanja cha shule kinavyoweza kumtoa mtoto wa maskini na kumfikisha kileleni mwa dunia. La pili ni jinsi kilele hicho kinavyoweza kumponza asiye na wa kumshika mkono.

Wanjiru alizaliwa Novemba 10, 1986 katika eneo la Nyahururu, nyanda za juu za Kenya. Alilelewa na mama yake katika maisha ya dhiki, na jina alilolitangaza duniani ni la mama huyo. Alianza kukimbia akiwa na umri wa miaka minane hivi, na kabla hajamaliza utoto vipaji vyake vilikwishaonwa na watu waliokuwa wakisaka wakimbiaji kwa ajili ya shule za Japani.

Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alipanda ndege kwenda Sendai, mji ulioko kaskazini mashariki mwa Japani, kujiunga na Shule ya Sekondari ya Sendai Ikuei. Nchini humo mashindano ya shule si jambo dogo. Mbio za kupokezana za masafa marefu, ziitwazo ekiden, ambazo wakimbiaji hupeana ukanda wa kitambaa badala ya kijiti, huonyeshwa katika televisheni na kufuatiliwa na mamilioni ya watu. Shule yenye timu nzuri hupata sifa nchi nzima, na ndiyo sababu baadhi yake hutafuta wakimbiaji hata Afrika Mashariki.

Kijana huyo wa Nyahururu alilazimika kuanza upya. Alijifunza Kijapani hadi akakizungumza kwa ufasaha, akazoea baridi, chakula kigeni na nidhamu kali ya mazoezi. Mwaka 2003 na 2004 alishinda mbio za nyika za kimataifa za Fukuoka na za Chiba. Baadaye alipenda kueleza kwamba Japani ilimfundisha gaman, neno lenye maana ya kustahimili bila kulalamika.

Alipohitimu mwaka 2005, hakurudi nyumbani kutafuta kazi. Japani ina utaratibu wa makampuni makubwa kumiliki timu za riadha, ambapo mkimbiaji huajiriwa, hulipwa mshahara na kupewa kocha na mahali pa kuishi. Wanjiru aliajiriwa na timu ya Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, aliyetwaa medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Kutoka hapo mwanafunzi akawa mwanariadha wa kulipwa.

Matunda yalionekana mwaka huohuo. Agosti 26, 2005, mjini Brussels, alimaliza wa tatu katika mbio za mita 10,000 zilizompa Kenenisa Bekele wa Ethiopia rekodi ya dunia. Muda wa Wanjiru, dakika 26 na sekunde 41.75, ulikuwa rekodi ya dunia ya vijana. Wiki mbili baadaye, mjini Rotterdam, alikimbia nusu marathoni kwa dakika 59 na sekunde 16, akaifuta kwa sekunde moja rekodi ya Mkenya mwenzake, Paul Tergat. Kufikia Machi 2007 alikuwa ameishusha rekodi hiyo hadi dakika 58 na sekunde 33.

Desemba 2007 alikimbia marathoni yake ya kwanza mjini Fukuoka na kuibuka mshindi kwa saa 2:06:39. Wapenzi wa riadha wa Tanzania wanayakumbuka mashindano hayo, kwani Juma Ikangaa aliyashinda Desemba 1986, mwezi mmoja tu baada ya Wanjiru kuzaliwa.

Mwaka 2008 aliachana na timu ya Toyota. Agosti 24 mwaka huo, katika joto la Beijing ambalo wengi waliamini lingewalazimisha wakimbiaji kwenda polepole, Wanjiru na wenzake walianza kwa kasi ya kutisha. Mmoja baada ya mwingine walibaki nyuma, na mwishowe hata Jaouad Gharib wa Morocco aliyekuwa akimng'ang'ania alimwachia. Aliingia uwanjani peke yake na kumaliza kwa saa 2:06:32, akiivunja rekodi ya Olimpiki ya Mreno Carlos Lopes ya mwaka 1984 kwa karibu dakika tatu. Kenya, taifa lililosifika kwa mbio ndefu, lilikuwa halijawahi kupata dhahabu ya marathoni ya Olimpiki hadi siku hiyo.

Mwaka 2009 alishinda London na Chicago, na mwaka 2010 alishinda tena Chicago baada ya kupokezana uongozi na Tsegaye Kebede wa Ethiopia katika dakika za mwisho. Kwa misimu miwili mfululizo alitwaa zawadi ya Dola za Marekani 500,000 iliyotolewa kwa bingwa wa marathoni kubwa duniani.

Hata hivyo, nyumbani mambo yalikuwa yakienda mrama. Ratiba na uangalizi wa Japani havikuwapo tena. Kulikuwa na fedha nyingi, marafiki wengi na pombe. Desemba 2010 alifikishwa mahakamani akidaiwa kumtishia mkewe na kumiliki bunduki kinyume cha sheria. Mkewe aliondoa malalamiko yake, lakini shauri la bunduki lilikuwa halijakwisha alipofariki.

Usiku wa Mei 15, 2011 alianguka kutoka kwenye roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu, akafa. Mazingira ya kifo hicho yalizua ubishi mrefu baina ya familia na polisi, ubishi uliofika hadi mahakamani.

Rekodi yake ya Beijing ilidumu miaka 16, hadi Tamirat Tola wa Ethiopia alipoivunja mjini Paris Agosti 10, 2024 kwa sekunde sita. Eliud Kipchoge alikwishaiongezea Kenya dhahabu mbili za marathoni, mwaka 2016 na 2021, akipita katika njia iliyofunguliwa na kijana aliyejifunza kustahimili kila kitu barabarani, lakini akakosa wa kumsaidia kuustahimili ushindi wenyewe.