Graf von Götzen, mgeni aliyepita katika mwitu wetu

Katika siku za yubilei twawahesabu kwa furaha wale waliofika kwetu wakakaa. Lakini ni haki kumkumbuka pia mmoja aliyepita tu, maana safari yake iliacha alama katika inchi zetu.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa mwaka 1866 huko Silesia, iliyokuwa siku zile sehemu ya inchi ya Wadachi. Alikuwa mtoto wa jamaa kubwa, akawa afisa wa askari wapanda farasi. Mwisho wa mwaka 1893, akiwa na miaka 27, alitoka Pangani, kwenye pwani ya bahari ya Hindi, pamoja na Wazungu wawili, von Prittwitz na daktari Kersting, na mamia ya wapagazi na askari. Alikusudia kuivuka Afrika toka mashariki hata magharibi.

Mwezi wa tano 1894 aliingia Rwanda, akapokelewa na Mwami Kigeri Rwabugiri. Mwezi wa sita akaupanda Nyiragongo, mlima ule wa moto tunaouona usiku ukiangaza mawingu, akachungulia shimo lake kubwa. Kisha akashuka kwenye ziwa Kivu. Vitabu vya Ulaya vyasema ya kuwa alikuwa Mzungu wa kwanza kuliona. Ndivyo, lakini wavuvi wake walikuwa wamekwisha kuliona tangu mababu.

Toka Kivu alielekea magharibi, akaingia mwitu mkubwa ambamo maji yote hushuka kwenye mto Lowa. Sisi wa Masisi na Walikale twajua namna ya njia zile: matope, mvua, vivuko vya miti iliyoanguka, na siku nyingi bila kuona mbingu. Yeye hakuzaliwa humo. Mwezi wa tisa alitokea Kirundu, kando ya Lualaba, na mwezi wa kumi na moja akafika Matadi. Mwaka uliofuata, 1895, alitoa kitabu cha safari yake, chenye picha na ramani.

Tangu ujana wetu shuleni twajiuliza juu ya kitabu kile. Jina la bwana mkubwa laonekana kwenye ganda lake. Lakini nani walibeba mizigo kilima kwa kilima? Nani walionyesha vivuko? Nani walipunguza ndizi na mihogo ya watoto wao ili msafara ule upate kula? Wengi wao walikufa bila jina lao kuandikwa popote.

Ramani nazo zilifanya kazi yake. Serikali za Ulaya zilishindana juu ya Kivu miaka mingi, mpaka zilipopatana huko Bruseli mwaka 1910. Mpaka ukapita katikati ya ziwa, na watu waliokuwa majirani wakajikuta chini ya serikali mbili.

Götzen mwenyewe alirudi Afrika akiwa gavana wa Wadachi huko Dar es Salaam, toka 1901 hata 1906. Mwaka 1905 watu wa kusini waliondoka katika vita ya Maji Maji, kwa sababu ya kodi na kazi ya nguvu ya mashamba ya pamba. Askari wa serikali yake wakachoma vijiji, mashamba na ghala za chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Hapo ndipo moyo wetu unapohuzunika. Mtu aliyelishwa na mashamba ya Waafrika toka bahari hata bahari alitawala siku mashamba ya Waafrika yalipoteketezwa. Alikufa mwaka 1910, akiwa na miaka 44.

Hatusemi haya kwa kumhukumu marehemu. Hukumu ni ya Mungu. Twasema kwa mafundisho yetu. Macho yanaweza kuona mlima, ziwa na mwitu, yakashangaa sana, na moyo usimjue mwenye inchi. Basi, mgeni akifika leo katika Omate, tumpe kiti na chakula kama desturi yetu. Naye, kabla ya kuuliza jina la mlima, aulize kwanza jina la yule aliyembebea mzigo.